Fulana nyeusi si ushahidi wa ukafiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo halisikiki sana mimbarini, ingawa majumbani linasikika. Wapo katika miji yetu vijana wa Kiislamu, wa kiume na wa kike, ambao mapenzi yao hayako kwenye mpira, wala kwenye taarabu, wala kwenye bongo fleva. Wao wanapenda vitabu vya katuni, na kila karatasi wanayoipata wanaichora. Wanasoma hadithi za kutisha, za mizuka na wafu waliofufuka. Na masikioni mwao mna muziki wa metali, ule wa magitaa mazito, ngoma za kasi na mwimbaji mwenye sauti kama ngurumo.

Mzazi anayeingia chumbani kwa kijana wa namna hiyo huona picha ya fuvu ukutani, fulana nyeusi kitandani na daftari lililojaa majitu yenye pembe. Hapo hupatwa na fadhaa, na fadhaa ya mzazi tunaielewa, kwani chanzo chake ni mapenzi na kuchelea adhabu ya Mola wake. Lakini baadhi ya wazazi huichana ile daftari. Wengine huichoma moto. Na wapo ambao, la kusikitisha zaidi, hutamka mbele ya ndugu na majirani neno moja zito: mtoto huyu amekuwa mwabudu shetani.

Rai yetu ni kwamba neno hilo lina hatari kubwa kuliko daftari lililochomwa. Hatusemi kwamba kila anachokipenda kijana ni halali, na hukumu za sharia tutazitaja huko mbele. Tunachosema ni kuwa kuhukumu bila ya kuchunguza ni dhulma, na mtoto aliyedhulumiwa nyumbani hatazipokea nasaha za nyumbani, hata zikiwa za haki.

Uzito wa tuhuma

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kwamba tujiwapo na habari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, ametukataza kufuata dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Amri hizi hazikuwatoa watoto wetu. Mtoto naye ni Muislamu mwenye heshima yake.

Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mtu akimwita nduguye kafiri basi neno hilo humrudia mmoja wao. Na katika Sahihi Muslim imo habari ya Usama bin Zaid (R.A.), aliyemuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, kwa kudhani kuwa aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali na kumuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo. Ikiwa Usama, kipenzi cha Mtume, hakuruhusiwa kuyahukumu yaliyo moyoni mwa mtu wakati wa vita, sisi tunapata wapi ruhusa ya kuuhukumu moyo wa binti yetu wa miaka 15 kwa rangi ya fulana yake?

Walioharakisha kabla yetu

Jambo hili si geni duniani, na waliotutangulia wametuachia mafunzo. Mwezi Januari 1997, nchini Misri, polisi waliwakamata makumi ya vijana waliokuwa wapenzi wa muziki wa metali. Magazeti yaliandika kwa siku nyingi kuwa wanamwabudu shetani, na kauli kali zikatolewa hadharani kuhusu kuritadi. Vithibitisho vilivyoonyeshwa vilikuwa fulana nyeusi, mabango na kanda za muziki. Hatimaye waliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Lakini majina ya familia zao yalikwisha kupita midomoni mwa watu, na neno lililokwisha kutoka kinywani halirudi.

Miaka 6 baadaye ikawa zamu ya Morocco. Mwezi Machi 2003 mahakama ya Casablanca iliwahukumu vijana 14 wapenzi na wapigaji wa muziki huo kwa makosa yaliyohusu kuitikisa imani ya Waislamu. Fulana zenye mafuvu zilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Ilipokatwa rufaa, wengi wao walifutiwa hukumu. Kisha tarehe 16 Mei mwaka huo huo, mji huo huo wa Casablanca ukashambuliwa na vijana waliojilipua, wakawaua watu 33 wasio na hatia. Wauaji hao hawakutoka miongoni mwa wapiga magitaa. Walitoka katika mitaa ya mabanda, ambako walifundishwa chuki kwa jina la dini. Tunayataja haya kwa masikitiko, ili ijulikane kuwa jamii inayoyakodolea macho mafuvu ya kwenye fulana huweza kupitwa na hatari iliyovaa mavazi ya kawaida kabisa.

Hata wasiokuwa Waislamu waliwahi kuteleza hapo hapo. Nchini Marekani, mwaka 1954, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Fredric Wertham alitoa kitabu akidai kuwa vitabu vya katuni, hasa vile vya kutisha na vya uhalifu, ndivyo vinavyowaharibu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao kulisikiliza suala hilo, na wachapishaji, kwa kuogopa, wakajiwekea kanuni kali zilizokataza hata neno la kutisha kuwa katika jina la kitabu. Kabla ya hapo watoto walikuwa wamekwisha kukusanywa katika baadhi ya miji ili wavitie moto vitabu hivyo. Nyaraka za daktari huyo zilipofunguliwa kwa watafiti, mwanachuo Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois alizichunguza, na mwaka 2012 akaeleza kuwa Wertham aliyabadili maneno ya watoto aliowanukuu na kuyaunganisha ya mmoja na ya mwingine ili yaafikiane na madai yake. Huenda nia yake ya kuwalinda watoto ilikuwa njema. Hata hivyo nia njema haihalalishi ushahidi wa uongo.

Tuvijue tunavyoviogopa

Mzazi asiyekijua anachokikataza hukikataza vibaya. Basi tuvitazame vitu hivi kimoja kimoja.

Katuni hazikuja kwetu jana. Waliosoma Uhuru katika miaka ya 1970 wanamkumbuka Chakubanga. Wasomaji wa Taifa Leo huko Kenya wanamkumbuka Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau. Na wangapi miongoni mwa wazazi wa leo walijificha uani wakisoma jarida la Sani na visa vya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe? Ndani ya michoro ile mlikuwamo kicheko, na mlikuwamo pia makemeo kwa mlevi, mzembe na mla rushwa. Katika zama zetu Waislamu nao wameingia uwanjani. Mwaka 2006 Naif Al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait, alianzisha katuni iliyoitwa The 99, ambayo mashujaa wake walipewa sifa zilizotokana na Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu. Wapo wanazuoni walioipinga kwa hoja kuwa majina hayo si ya kufanyiwa mchezo, na hoja yao ina uzito wake. Mwaka 2014 Kamala Khan, msichana wa Kiislamu mwenye asili ya Pakistani anayeishi Jersey City, akapewa mfululizo wake wa Ms. Marvel ulioandikwa na G. Willow Wilson, mwanamke aliyesilimu. Binti yako anayesoma katuni huenda anamsoma msichana anayebishana na wazazi wake kuhusu kuchelewa kurudi nyumbani, na anayekwenda msikitini. Hutajua mpaka ufungue kitabu.

Hadithi za kutisha nazo hazilingani. Zipo chafu, zinazoshangilia damu na uchi, na hizo hazina la kutetewa. Lakini yupo pia Mary Shelley, mwandishi wa Uingereza aliyeanza kuiandika Frankenstein akiwa na umri wa miaka 18 na kuichapisha mwaka 1818. Kisa chake ni cha msomi mwenye kiburi aliyeunda kiumbe, kisha akakikimbia kwa kuwa kilikuwa kibaya wa sura. Kiumbe kile hakikuanza na uovu. Kiligeuka katili baada ya kufukuzwa na kila mtu, akiwamo yule aliyekiunda. Mzazi akikisoma kisa hicho hadi mwisho atapata la kujiuliza.

Nyumbani kwetu tuna Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inaonekana kwenye mzimu, watu wanatetemeka, kila mmoja anadhani ni kazi ya pepo. Bwana Msa anakuja na kiko chake, anauliza, anapima, na mwisho inadhihirika kuwa muuaji ni mwanadamu. Je, hilo si somo la kutoyahofu mapango na mawe, na kumuogopa Mwenyezi Mungu peke yake?

Tukumbuke vilevile kwamba hadithi ya kitabuni hujitangaza kuwa ni hadithi, ilhali uvumi hujitangaza kuwa ni habari. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wakikesha kwa woga. Hofu ile haikutoka katika kitabu cha mtoto yeyote. Ilienezwa na watu wazima, kwa midomo yao.

Ama muziki wa metali, asili yake ni Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza. Kundi la Black Sabbath, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, lilichukua jina lake kutoka filamu ya kutisha. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa kijana. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Sauti nzito inayowatisha wazazi ilichangiwa na jeraha la mfanyakazi. Miongoni mwa nyimbo za awali za kundi hilo umo wimbo wa kuwalaani wanaoanzisha vita na kuwapeleka maskini wakafe. Ni kweli kwamba yapo makundi yaliyokuja baadaye yanayoitukana dini waziwazi, na hayo Muislamu hana haja nayo. Lakini yapo pia mengine. Huko Garut, Java Magharibi, mwaka 2014 wasichana 3 waliovaa hijabu, waliokutana katika shule ya Kiislamu, waliunda kundi la Voice of Baceprot. Walipata lawama nyingi kwao, na nyimbo zao zimepinga wanawake kudhalilishwa. Mwezi Juni 2024 walipiga katika tamasha la Glastonbury, Uingereza, hali wakiwa na hijabu zao. Hatuwatolei fatwa. Tunawataja ili ijulikane kuwa anayeupenda muziki huu hakuukana Uislamu kwa kuupenda tu.

Sharia haikuachwa nyuma

Baada ya insafu hiyo, haki nyingine ni kusema ukweli kuhusu hukumu. Katika suala la kuchora, zipo hadithi sahihi zinazowaonya vikali watengeneza sura, na wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafii, wamekataza kuchora chenye roho. Wengine, hasa katika Wamaliki, wamelegeza kwa picha isiyokuwa na kivuli. Wapo wa zama hizi walioruhusu kwa ajili ya elimu na malezi. Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ni kutengeneza sura, alimsomea onyo la Mtume. Mtu yule alipopatwa na fadhaa, Ibn Abbas hakumfukuza, bali alimwelekeza achore miti na visivyokuwa na roho. Hiyo ndiyo hikima: ukiufunga mlango mmoja, fungua mwingine.

Na nani asiyeijua habari ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Sunan Abi Daud? Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mabawa ya vitambaa, akamuuliza kama farasi huwa na mabawa. Bibi Aisha akajibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.). Mtume alicheka hadi magego yake yakaonekana. Farasi mwenye mabawa ni kiumbe cha kufikirika, na Mtume wa Mwenyezi Mungu alikipokea kwa kicheko.

Katika ala za muziki, wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza, na wachache, kama Ibn Hazm, wameona vingine. Mwenye kufuata kauli ya wengi ana haki ya kumwambia mwanawe auache muziki huo. Lakini na amwambie kwa hoja hiyo, kwamba wanazuoni wamesema hivi na ushahidi wao ni huu. Asimwambie kwa uzushi kwamba amekwisha kutoka katika Uislamu. Kosa hubaki na jina lake: makruhu ni makruhu, haramu ni haramu, na ukafiri ni jambo jingine kabisa.

Mizani ya nyumbani

Kwa hiyo tunawapendekezea wazazi maswali manne kabla ya kuinua mkono au sauti.

La kwanza, je, kinamzuia sala? Anayechora hadi alfajiri kisha akalala adhana ikiadhiniwa ana tatizo, hata angekuwa anachora maua. Na fulana yenye sura haifai kusalia, basi aambiwe aibadili aingiapo msikitini. Hilo ni agizo dogo, na mtoto akiambiwa kwa upole hulitii.

La pili, ndani yake mna nini hasa? Kaa naye ukisome kitabu kimoja. Mwombe akufasirie wimbo mmoja. Ukikuta uchi, kejeli kwa Mwenyezi Mungu au mafunzo ya uchawi, kataza kwa kuonyesha ukurasa. Katazo lenye ushahidi humfunga mtoto mdomo, na katazo lisilo na ushahidi humfunga moyo.

La tatu, kinamfanya nini mwilini na moyoni? Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kupungukiwa na usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi, na masikio ni amana. Na kijana aliyejitenga na kila mtu, asiyekula, asiyelala, anayejikata mwilini au kuzungumzia kufa, ni mgonjwa anayehitaji daktari, pamoja na dua na mapenzi ya nyumbani. Kumtuhumu kwa ibada ya shetani, au kumpeleka kwa mganga akatolewe pepo huku maradhi yakizidi, ni kumwangamiza. Huenda muziki ule ulikuwa ndiyo lugha pekee aliyoipata ya kuyaeleza maumivu yake.

La nne, kinazaa nini? Mkono unaochora jitu unaweza kuchora khati za Kiarabu, nakshi za milango na ramani za majengo. Akili inayobuni kisa cha kutisha inaweza kuandika kisa kinachomkemea mla riba. Kipaji ni neema, na neema huelekezwa, haichomwi moto.

Nanyi vijana wetu, msidhani tumewaacha nje. Mzazi anayeingiwa na hofu si adui yenu. Mkitaka aviamini mnavyovipenda, msimfiche. Vilivyo vichafu viacheni wenyewe kabla hamjaambiwa, kwani kusema kwamba ni sanaa tu hakutakuwa hoja mbele ya Mwenyezi Mungu. Atakayeulizwa juu ya ujana wako aliutumiaje ni wewe, si mwimbaji wa Ulaya.

Tumalizie kwa tukio lililopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Abu Umama (R.A.). Kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akimuomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkaripia. Mtume alimwambia asogee karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angependa hivyo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa khalati yake. Kijana akajibu la, kila mara. Mtume akaweka mkono wake juu yake, akamuombea dua, na tokea hapo kijana yule hakulielekea tena jambo lile. Huyo aliomba zinaa, iliyo haramu bila ya hitilafu, na bado alisogezwa karibu. Basi mwenye mtoto aliyeomba penseli na karatasi ana udhuru gani wa kumsukuma mbali?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaongoze vijana wetu, awape wazazi subira na hikima, atulinde na fitina za dhahiri na za siri, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo mtoto haoni haya kuonyesha alichokichora. Amin.

Wabillahi tawfiq.